Kusafisha mafuta ghafi si ni kuchemsha tu? Mbona tunaambiwa ni kazi ya mabilioni?

#1 Kichwa Ngumu
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikereketa, na msinirukie kabla hamjasoma mpaka mwisho.

Shuleni tulifundishwa hivi: mafuta ghafi yanapashwa moto, mvuke unapanda mnarani, ukipoa unarudi kuwa kimiminika. Vyepesi vinatokea juu, vizito vinabaki chini. Petroli hapa, mafuta ya taa pale, dizeli, kisha lami. Mchoro wa mnara mmoja wenye mabomba matano ubavuni, mtihani umeisha, tukarudi nyumbani. Sasa hiyo si ndiyo kazi ya mpika gongo? Pipa, moto, bomba na maji ya kupozea.

Halafu nikisoma habari za kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta nakuta mabilioni ya dola na miaka chungu nzima. Kuna nchi zinachimba mafuta, zinayauza yakiwa ghafi, kisha zinanunua petroli. Mimi nadai tumefanywa wajinga. Kuchemsha ni kuchemsha. Anayepinga aje na hoja.

#2 Mpita Njia
Nimeshavuta kiti. Wajuzi njooni.

#3 Sinia la Tatu
Mleta uzi, umechemka kabla ya mafuta.

Ule mchoro ni sahihi, ila ni ukurasa wa kwanza tu. Mafuta yanapashwa kwenye tanuri mpaka nyuzi 350 hivi, hata 370, ndipo yanaingia sehemu ya chini ya mnara. Kileleni joto linakuwa limeshuka mpaka mia na kitu. Katikati kuna masinia, thelathini, arobaini au zaidi, na kila sinia lina kimiminika kilichotuama. Mvuke unapita humo ndani, unaacha kizito chake, unabeba chepesi, unapanda sinia linalofuata. Kwa hiyo hayachemki mara moja. Yanachemka na kupoa upya kila sinia. Mpika gongo hana hicho kitu.

Na juu kabisa haitoki petroli. Inatoka gesi, humo ndimo mnamopata propani na butani za mtungi. Chini yake ni nafta. Wengi wanaiita petroli lakini bado haijawa.

#4 Kichwa Ngumu
Nashukuru, nimejifunza. Lakini masinia arobaini ni mabati yenye matundu. Bado hujanifikisha kwenye mabilioni.

#5 Bi Nafta
Kaka Kichwa Ngumu, tatizo si kuchemsha. Tatizo ni kwamba pipa halitoi unachotaka. Linatoa kilichomo.

Mnara haubadilishi kitu, unapanga tu. Ukiwa na ghafi nzito, nusu ya pipa au zaidi inaweza kubaki chini kama uji mweusi usiochemka. Dunia haina haja na uji mwingi hivyo. Inataka petroli, dizeli na mafuta ya ndege. Hapo ndipo inakuja kazi ya pili, kuvunja molekuli ndefu ziwe fupi. Wenyewe wanaita krakingi.

William Burton wa Marekani ndiye aliyeanza, alipata hataza mwaka 1913, akatumia joto na mgandamizo peke yake. Baadaye Mfaransa Eugene Houdry akaleta kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kuvunjika huko bila chenyewe kuisha, na mtambo wake mkubwa wa kwanza ukawashwa mwaka 1937 huko Marcus Hook, Pennsylvania. Mwaka 1942 kule Baton Rouge ukaja wa aina ya tatu, na vizazi vyake ndivyo vimejaa duniani leo. Kichocheo ni poda laini kama vumbi, inatiririka mabombani kama maji. Inakutana na mafuta mazito kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500 kwa sekunde chache tu, molekuli zinavunjika, poda inatoka imefunikwa masizi. Inapelekwa chombo cha jirani, masizi yanachomwa kwenye nyuzi 700 hivi, na moto huohuo ndio unaorudi kuyapasha mafuta mapya. Usiku na mchana, hausimami. Niambie ni mpika gongo gani ana hicho.

#6 Mkono wa Saa
Bi Nafta, somo zuri ila hapo kwa Burton umechapia kidogo. Mrusi Vladimir Shukhov alikuwa na hataza ya kuvunja mafuta kwa joto tangu 1891. Burton ndiye aliyeipeleka kiwandani kwa ukubwa wa kibiashara.

#7 Bi Nafta
Napokea marekebisho. Burton sokoni, Shukhov kwenye karatasi.

#8 Mzee wa Tanuri
Vijana, mmeruka hatua. Nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa, wa wapi haina haja. Kabla ya tanuri mafuta yanaoshwa.

Ghafi inatoka ardhini na maji ya chumvi. Chumvi hiyo ukiipeleka kwenye moto inazaa asidi ya haidrokloriki, na ile asidi inapanda na mvuke hadi kileleni, inatulia pale kwenye ubaridi na kuanza kula chuma. Kwa hiyo unachanganya ghafi na maji safi, unapitisha kwenye tangi lenye umeme mkali, matone ya maji yanavutana, yanazama na chumvi yake, unayatoa kwa chini. Tangi lile halina sura, hakuna anayelipiga picha. Kwetu lilisumbua wiki tatu, wakubwa wakasema tuendelee tu kuzalisha. Mwaka uliofuata tulibadilisha mabomba ya kileleni yote. Yalikuwa membamba kama ganda la yai.

#9 Mpita Njia
Kumbe mafuta yanaoga kabla ya kuingia jikoni 😂

#10 Dereva Mkongwe
Samahani kutoka nje ya mada. Petroli ya okteni 95 na ya 91, ipi ina nguvu? Mimi nikijaza 95 gari linaruka.

#11 Sinia la Tatu
Linaloruka ni moyo wako mkuu.

#12 Bi Nafta
Ngoja nimjibu Dereva, na si nje ya mada hata kidogo. Okteni haipimi nguvu. Inapima uvumilivu, yaani mafuta yanastahimili kugandamizwa kiasi gani kabla hayajajiwasha yenyewe bila kusubiri cheche. Kipimo kiliwekwa kwa vimiminika viwili vya kulinganishia: aisookteni ni 100, heptani iliyonyooka ni 0. Lita ya 95 na lita ya 91 zina nishati inayokaribiana sana. Injini iliyoundwa kwa 95 ukiipa 91 inaweza kugonga kwa ndani, yaani mafuta yanajiwasha kabla ya wakati. Iliyoundwa kwa 91 ukiipa 95 umeifanyia hisani tu.

Sasa ile nafta ya mnarani okteni yake iko chini mno. Zamani dawa ilikuwa madini ya risasi. Thomas Midgley aligundua mwaka 1921 kwamba tetraethili ya risasi inazuia kugonga, dunia ikavuta sumu hiyo kwa karne nzima. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari, mwaka 2021. Dawa nyingine ni kuipinda nafta yenyewe. Mwaka 1949 mtambo wa kwanza wa kichocheo cha platinamu ulianza kazi, kazi ya Vladimir Haensel. Molekuli zilizonyooka zinageuzwa kuwa za matawi na za duara, okteni inapanda, na haidrojeni inabaki kama zawadi. Ikumbukeni hiyo haidrojeni.

Dizeli ni kinyume kabisa. Kule tunataka mafuta yanayojiwasha upesi yakigandamizwa, na kipimo chake kinaitwa seteni. Ndiyo maana ukikosea pampu unalia.

#13 Kichwa Ngumu
Platinamu! Sasa tunaanza kuzungumza mabilioni. Lakini Bi Nafta na Sinia, nijibuni hili. Kule Delta ya Niger, Nigeria, watu wanasafisha ghafi vichakani. Tangi la chuma, moto chini, bomba limepitishwa kwenye maji. Wanatoa dizeli na mafuta ya taa, na vyombo vinatembea. Hawana platinamu, hawana poda, hawajaogesha kitu. Hoja yangu iko hai.

#14 Fundi Bomba
Hoja yako iko hai, mto ndio umekufa. Sehemu kubwa ya ghafi inayoingia mle haigeuki kuwa chochote cha maana, inamwagwa mikokoni. Masizi yake yamewanyeshea watu wa Port Harcourt miaka na miaka. Na wanaoungua hatuna hesabu yao hapa. Kwa hiyo ndiyo, yanachemka. Hata nyumba ikiungua kuna joto la kupashia maji.

#15 Kichwa Ngumu
"Ndiyo, yanachemka." Nimenakili, nimehifadhi.

#16 Fundi Bomba
😂😂 Sawa, bakia na hilo. Mimi ni mchomeleaji wa vyombo vya mgandamizo, kwa hiyo nitakwambia mabilioni yako wapi kwa upande wangu. Ile haidrojeni ya Bi Nafta inatumika kuvunja mafuta mazito na kuondoa salfa. Inafanya kazi kwenye joto kali, na mgandamizo unaofika mara mia na zaidi ya hewa tunayovuta. Haidrojeni katika hali hiyo inapenya ndani ya chuma chenyewe, inakutana na kaboni iliyomo, zinaungana kuwa methani, na methani haina pa kutokea. Chuma kinapasuka kutoka ndani huku nje kinang'aa. Ndiyo maana kuta za vile vyombo zinafika unene wa shibiri, chuma maalumu chenye kromiamu, kila mshono unapigwa picha za mionzi. Chombo kimoja kinaweza kuwa na uzito wa mamia ya tani. Lete mpika gongo.

#17 Mwana Kokotoo
Mimi nina swali jingine. Nimeona takwimu za Marekani: pipa la galoni 42, yaani lita 159, linatoa galoni 45 hivi za bidhaa. Petroli galoni 19 au 20, dizeli 11 mpaka 13, na kadhalika. Zimezidi! Galoni tatu zimetoka wapi? Ama wanaongopa, ama wanachanganya na maji.

#18 Dereva Mkongwe
Maji. Mimi siku zote nasema ni maji.

#19 Sinia la Tatu
Si maji. Ukipima kwa kilo hazizidi, ukipima kwa ujazo zinazidi. Pamba iliyoshindiliwa kwenye gunia ukiichambua inajaza magunia mawili, na pamba ni ileile. Molekuli nzito zimebanana, ukizivunja zinakaa kwa nafasi.

#20 Fundi Bomba
Sinia umesema nusu. Kilo nazo zinaongezeka kidogo, kwa sababu haidrojeni inatiwa ndani ya mafuta, na sehemu kubwa yake hutengenezwa kutokana na gesi asilia inayotoka nje ya pipa.

#21 Sinia la Tatu
Na kilo zinapungua vilevile, maana salfa imetolewa, na masizi pamoja na gesi ya mitamboni vimechomwa hapohapo. Kwa hiyo tukipiga mahesabu kamili sijui nani atashinda, mimi au wewe.

#22 Mwana Kokotoo
Nimeuliza swali moja nimepewa majibu mawili na nusu.

#23 Mzee wa Tanuri
Salfa imetajwa kama mgeni wa kupita tu. Hapana. Kwangu mimi, mleta uzi, mabilioni yako kwenye salfa.

Zamani dizeli ilitoka na salfa yake na hakuna aliyeuliza. Leo Ulaya wanataka miligramu 10 tu kwa kilo, Marekani 15. Meli nazo, tangu Januari 2020, zimeshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ili kuitoa lazima haidrojeni iikamate salfa, na zikishikana zinakuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu. Ukiisikia harufu, shukuru. Ikizidi inaua pua kwanza, hunusi tena, unadhani imeondoka. Tulitembea na kifaa kifuani kinacholia. Kisha gesi hiyo inapelekwa mtambo mwingine kabisa, inaunguzwa nusu nusu, inageuzwa kuwa salfa ya manjano ya kuuza. Yote hayo ni kwa ajili ya kitu ambacho mnunuzi wa dizeli hakioni.

Na kuna hili. Salfa ikikaa na chuma inatengeneza unga mweusi ukutani mwa vyombo. Siku ya matengenezo mnafungua mlango, hewa inaingia, ule unga unajiwasha wenyewe. Hakuna cheche, hakuna kiberiti. Mara ya kwanza kuona nilidhani kuna mtu amesahau tochi mle ndani. Dawa yake ni kuulowesha na kuuweka umelowa mpaka mmalize kuusafisha. Mwenzetu mmoja aliacha rundo la uchafu ule likaukie juani, likaondoka na turubai.

#24 Mpita Njia
Mzee, hizi ndizo nondo tunazozitaka. Endelea.

#25 Mtu wa Hesabu
Nimesoma kimya, sasa niseme. Chuma, platinamu, salfa, vyote vinanunulika. Kinachozuia ni hesabu za biashara. Kiwanda kikubwa kinasafisha kila pipa kwa gharama ndogo ambayo kiwanda kidogo hakiwezi kuifikia. Jamnagar, India, inapitisha zaidi ya mapipa milioni 1.2 kwa siku. Kile cha Dangote pale Lekki, Nigeria, kimejengwa kwa uwezo wa 650,000. Ukiwa na cha mapipa elfu ishirini unashindana nao kwa lipi?

Halafu faida yenyewe ni tofauti kati ya bei ya ghafi na bei ya bidhaa, na hizo bei mbili zote hupangi wewe. Nigeria ilikuwa na viwanda vya serikali Port Harcourt, Warri na Kaduna, na bado iliagiza petroli miaka mingi. Wahandisi walikuwepo.

#26 Fundi Bomba
Mtu wa Hesabu, vilikuwepo ila havikutunzwa. Chuma kisichotunzwa hakiangalii vitabu vya fedha.

#27 Mtu wa Hesabu
Na havikutunzwa kwa kuwa fedha hazikuwepo au zilikwenda kwingine. Tunarudi palepale kwangu.

#28 Mkono wa Saa
Wote wawili mmesahau kwamba ghafi si kitu kimoja. Kila kiwanda kinashonwa kwa mwili wa ghafi fulani, kama suti. Marekani inachimba nyepesi kwa wingi na kuiuza nje, huku inaagiza nzito kutoka Kanada, kwa sababu viwanda vyake vingi vilijengwa kuvunja nzito. Kwa hiyo hata ukiwa na kisima chako na kiwanda chako, huenda havipatani. Ghafi yenye salfa chini ya asilimia 0.5 inaitwa tamu, na inasemwa jina lilitokana na wachimbaji wa zamani kuionja.

#29 Dereva Mkongwe
Waliionja?? Halafu mimi ndiye ninayeambiwa sina akili kwa kujaza 95.

#30 Bi Nafta
Tukiwa kwenye zamani: mtambo wote huu ulizaliwa kwa ajili ya taa. Mmarekani Edwin Drake alichimba kisima chake cha mafuta Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, na watu walitaka mafuta ya taa. Petroli ilikuwa usumbufu, inalipuka, haina kazi, nyingi ilimwagwa mitoni.

#31 Mkono wa Saa
Na kusafisha hakukuanza na Drake. Mpolandi Ignacy Łukasiewicz alikuwa ameshawasha taa yake mwaka 1853 na kufungua kiwanda mwaka 1856. Nyuma zaidi, al-Razi wa Uajemi alieleza jinsi ya kukeneka mafuta meupe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Neno nafta lenyewe ni la zamani kuliko wote tuliomo humu.

#32 Kichwa Ngumu
"Kukeneka" ndiyo nini?

#33 Mkono wa Saa
Kuchemsha, kupoza, kukinga matone. Ile kazi ya mpika gongo wako. Lugha ina neno lake.

#34 Kichwa Ngumu
Al-Razi alikuwa na platinamu? Aliogesha mafuta? Alikuwa na masinia arobaini? Nauliza tu.

#35 Sinia la Tatu
😂 Al-Razi hakuwa na ndege ya kuijaza. Mafuta ya ndege aina ya Jet A-1 hayaruhusiwi kuanza kuganda kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri. Taa inasamehe, ndege haisamehi.

Na kuhusu mnara mmoja, kuna wa pili hujautaja. Masalia ya mnara wa kwanza ukiyachemsha zaidi kwa moto yanaanza kuvunjika ovyo na kujaza makaa kwenye mabomba ya tanuri. Kwa hiyo yanapelekwa mnara ambao hewa yake imenyonywa. Ni kama maji ya mlimani, mgandamizo ukishuka yanachemka kwa joto dogo. Humo ndimo yanamotoka ya kupeleka kwa Bi Nafta yakavunjwe, na ya kutengenezea oili. Kinachobaki chini ya huo mnara wa pili ndiyo lami.

#36 Pima Kwanza
Niko maabara ya mafuta. Dereva Mkongwe, kuhusu maji yako: tunachokikuta si maji mara nyingi, ni mafuta ya taa ndani ya dizeli au petroli. Petroli inakamatwa kirahisi, tunaichemsha kidogo kidogo na kuandika joto la kila hatua. Safi inamalizikia karibu nyuzi 210. Yenye mafuta ya taa ina mkia mrefu, inaendelea kuchemka wakati ilipaswa kuwa imeisha. Dizeli ni ngumu kidogo, tunaangalia joto linaloweza kuwasha mvuke wake. Likishuka chini ya kiwango, kuna mgeni.

#37 Fundi Bomba
Lakini nchi za baridi wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli makusudi ili nta isigande.

#38 Pima Kwanza
Wanachanganya kwa kipimo, na kwa kuandika. Anayechanganya usiku haandiki. Mafuta ya taa hayateleshi vizuri, pampu ya dizeli inajilainisha kwa dizeli yenyewe.

#39 Mwana Kokotoo
Na ule moto unaowaka juu ya bomba refu usiku kucha? Si ndiyo faida inayochomwa?

#40 Mtu wa Hesabu
Kuna viwanda ambako kuikusanya ile gesi kunagharimu kuliko thamani yake.

#41 Mzee wa Tanuri
Hapana. Ni mlango wa dharura. Vali za usalama zikifunguka lazima gesi iwe na pa kwenda, na pa salama ni motoni. Mtambo ukitulia unakuwa kamwali kadogo tu. Ukiona moto mkubwa wenye moshi mweusi, jua kuna mtu kwenye chumba cha udhibiti anatokwa jasho, na mvuke wa kusafisha ule moshi haujatosha.

#42 Mwana Kokotoo
Majibu mawili tena.

#43 Kichwa Ngumu
Nimesoma yote, na ya Mzee nimeyarudia. Nimehesabu: mmoja kasema mabilioni yako kwenye kuvunja, mwingine kwenye chuma, Mzee kasema salfa, mwingine hesabu, mwingine suti. Kukubaliana hamkukubaliana. Kwa hiyo nabadili dai langu kwa robo tu: kuchemsha ni kuchemsha, ila baada ya kuchemsha kuna mambo. Robo tatu zilizobaki nazitetea.

#44 Sinia la Tatu
Robo ni nyingi kwako. Tunashukuru.

#45 Dereva Mkongwe
Kabla hamjafunga: na grisi inatoka sinia la ngapi?

#46 Pima Kwanza
Haitoki sinia lolote. Grisi ni mafuta ya kulainishia yaliyopikwa na sabuni.

#47 Dereva Mkongwe
Sabuni??

#48 Mpita Njia
Anzisha uzi wake, kiti ninacho.